Mzigo wa Kwanza Kutolewa

Mkwe wangu,

Ukiamka, chai iko kwenye chupa. Kisha panda paani ufagie majani makavu kwenye gata, na zile kuni ziondoe ukutani. Msitu uko hatua ishirini tu, na moto haupigi hodi. Pipa la maji ~~nitajaza mwenyewe~~ lijaze wewe. Mgongo unao, nina ushahidi!

Asubuhi askari wa msitu alipopuliza filimbi ya mazoezi ya kukimbia moto, nilijua utakimbilia televisheni yako. Kumbe ulinibeba mimi, mkweo, mzimamzima, huku nikikuchapa kandambili unishushe! Majirani wamecheka hadi machozi. Nimekwenda kwao kuhakikisha hadithi inatiwa chumvi ya kutosha.

Miaka saba nimekuita goigoi. Basi, yameisha.

~~Mama mkwe~~
Mama yako