Ushahidi Wako Nimeusoma, Elphas

S.L.P. 63,
Kitengela.
22 Septemba 2002

Mpendwa ndugu yangu Elphas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Elsie. Natumaini huko Roma hujambo, masomo ya upadri yanaendelea vizuri, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kimepata nafuu. Sisi afya tunayo. Elsie amerefuka mpaka sare ya shule imekuwa fupi, na aliyekuwa akishusha pindo hayupo.

Asante kwa barua yako. Ilifika tukiwa tumesharudi kutoka Kimilili kumzika mke wangu Immaculate. Najua hukuweza kuja, usijilaumu. Watu walikuwa wengi, mvua ilitungoja tukamaliza, na kaburi lake liko kando ya la mama.

Ule ushahidi ulioniandikia kwamba Mungu yupo nimeusoma, tena zaidi ya mara moja. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini ulieleza polepole na nilikufuata: kila kinachosogea kimesogezwa na kingine, mpaka tufike kwa wa kwanza ambaye hakusogezwa na yeyote. Nilitafuta kosa, sikuliona. Kisha nikaikunja barua, na nyumba ilikuwa kimya vilevile.

Ndugu yangu, mimi sijawahi kubisha kwamba yupo. Ninachouliza ni kama alimsikia Immaculate. Kule wodini Kajiado alisali rozari mpaka sauti ikaisha, halafu akawa anasogeza shanga tu kwa kidole gumba. Huyo anayesogeza kila kitu, je, alikiona kidole kile? Ushahidi wako haufiki hapo.

Wengine wananiambia niamini tu. Padre wetu pia ameniambia hivyo, kwa upole. Lakini imani nimeitafuta kama mtu anavyotafuta usingizi; nikiikazania inazidi kunikimbia. Tangu mazishi sijasali. Elsie ndiye anayeombea chakula, tena harakaharaka, kama anayeogopa nitaondoka mezani.

Jambo hili lilibaki la nyumbani mpaka zamu ya jumuiya ilipotufikia. Unajua mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, na kila Jumatano jioni tunasali katika nyumba ya mmoja wetu. Nilimwomba Kinyanjui, katibu wetu, airuke nyumba yangu. Nikamwambia pia nataka kuacha uenyekiti, kwa sababu siwezi kuwaongoza watu kuzungumza na mtu ambaye mimi mwenyewe sizungumzi naye.

Akanijibu, "Mwenyekiti, zamu ni zamu. Uenyekiti utauachia mbele ya watu, si hapa barabarani."

Basi wakaja, wengine na viti vyao kichwani. Mama Mbithe, yule jirani anayeuza mboga karibu na kisima, alionja chai niliyopika akakunja uso. "Baba Elsie, hii chai ni ya matanga ama ni ya ubahili? Leta sukari." Watu wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Tukafika kwa maombi ya kila mmoja, yale ambayo mtu akimaliza lake wengine huitikia, "Ee Bwana, utusikie." Walikuwa wananingoja nianze. Nikasimama, nikasema, "Mimi sina ombi. Nilikuwa nalo moja, na mnajua lilivyojibiwa. Tafuteni mwenyekiti mwingine."

Kisha Mama Mbithe akasema, "Basi si ukae? Ni mara ngapi umetuombea sisi tukisinzia?" Akafumba macho. "Bwana, tunamwombea mwenyekiti wetu. Amekukasirikia, na ana haki."

Kinyanjui aliinua kichwa ghafla, maana ombi kama hilo halimo kitabuni. Lakini wote waliitikia, "Ee Bwana, utusikie." Elsie pia. Sauti yake niliisikia juu ya zingine zote, na inafanana na ya mama yake kuliko nilivyokuwa nimejua.

Sikuitikia, Elphas. Sitaki kukudanganya. Lakini baadaye, nikiosha vikombe, niliona kwamba Mama Mbithe alisema kweli: nimekasirika, na mtu hakasirikii hewa. Huo si ushahidi. Wewe ungeuvunja kwa mstari mmoja. Wala si ile imani anayoitaka padre. Ni kitu kidogo kilicho katikati, na kwa sasa ndicho nilicho nacho. Uenyekiti walikataa kuupokea. Jumatano ijayo zamu ni ya Kinyanjui, na nimesema nitakwenda, hata kama ni kukaa tu.

Kwa hivyo usinitumie ushahidi mwingine kwanza. Niandikie unavyomkumbuka Immaculate. Mimi nakumbuka alivyoshona jina lako kwenye kola za mashati yako yote ulipokuwa unaingia seminari, ukalalamika kwamba anakufanya mtoto wa nasari, na yeye akaendelea kushona.

Msalimie Frateri Moses mnayekaa naye. Elsie anakusalimu sana, pia Kinyanjui na mkewe Wahu. Baba kule Kimilili bado anauliza kama Roma kuna ugali.

Hapa ndipo huwa naandika baraka, na nimekaa na kalamu kwa muda. Mungu akulinde, ndugu yangu, akupe afya, akufikishe salama kwenye upadri wako. Sijui kama amesikia. Lakini ni yeye niliyemwambia.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Wangila