Jina la Ndege wa Usipa

Kambi ya Mkonge, Tanga
Jumanne, juma la pili baada ya Pasaka

Dada yangu Akwilina,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kivulini, goti limepoa, na mvua za huko zimekupa mahindi ya kukutosha. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Hii ni karatasi ya tatu tangu asubuhi. Mbili nimezichana, nikatembea hadi barabarani, nikarudi.

Ulisikia redioni kwamba mashamba ya mkonge yanauzwa. Letu limeshapata tajiri wake, nasi wazee tumeambiwa tuhame nyumba za kambi mvua zikikatika. Uliniuliza kama nitarudi Lundo au nitabaki huku kwa mwanangu. Sikukujibu kwa sababu sikujua. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa Nyasa kwa kusema tu, na juma lililopita hata kusema kumenishinda, kwa ajili ya ndege mmoja mdogo.

Hapa shuleni yupo mwalimu kijana, Zuhura, anayeniazima vitabu. Anakusanya majina ya ndege katika lugha za watu wote walioletwa na mkonge, yachapwe katika kijitabu cha watoto. Jumamosi alituita wazee, akatuonyesha picha ya ndege mweupe mwenye mabawa membamba, yule anayeelea juu ya maji kisha kujitupa kama jiwe. Mzee Hamisi, Mdigo ninayecheza naye bao, akasema, "Buabua huyo." Nami bila kusita nikasema, "Kwetu Nyasa huyu ni Shemeji."

Wakaangua kicheko. Hamisi akauliza, "Kosmasi, kamuoa dada yako yupi?"

"Yule mkubwa," nikamjibu. "Ndiyo maana siku ya kulima haonekani."

Wakacheka tena, na mwalimu akaandika. Nilipofika nyumbani ndipo nikashtuka. Dada, Shemeji ni jina la ndani ya mtumbwi. Siku ya kwanza baba aliponichukua kuvua, nilimnyooshea ndege huyo kidole na kufungua kinywa nimtaje. Baba akanipiga kofi la kisogo. "Huyu anatuonyesha usipa walipo. Ukimwita jina lake ataondoka, tubaki tunapiga kasia bure. Mwite shemeji, kwa adabu." Sikumwita vingine tena, na kabla sijaota ndevu nikaandikishwa manamba, nikaletwa huku.

Jina lenyewe mlikuwa nalo ninyi wanawake. Nakuona wewe na mama mchangani, usipa wametandazwa juani, ndege wanashuka kuiba, nanyi mnapunga kanga na kulipaza jina hilo ili waende zao. Sisi majini tulilificha wasiondoke. Ninyi nchi kavu mlilipaza waondoke. Namsikia hata mama akikukaripia kwamba unapunga kivivu. Jina silisikii. Nimelitafuta nikitembea, nikioga, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri. Naweza kukutajia mito mikubwa ya dunia nzima, lakini neno nililolijua kabla ya kujua kusoma limeniponyoka.

Jana nilimwendea mwalimu kabla ya kengele.

"Mwalimu, lile jina langu lifute."

"Kwani si sahihi, babu?"

"Ni sahihi mtumbwini tu. Ukilichapa, watoto wa Lundo watalisoma na kulipigia kelele mchangani. Wavuvi watabaki na neno gani?"

Akachukua kalamu. "Haya, nipe lile lingine."

Nikaanza kumsimulia habari za mama na kanga mchangani. Alipoelewa, akageuka kupanga chaki ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Huruma ile iliniuma kuliko kicheko cha wazee. Amenipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo daftari linakwenda kwa mpiga chapa.

Basi nakuomba, waulize kwanza wanaokwenda majini kama jina hilo laweza kuandikwa. Wakikubali, katekista akuandikie, na barua uipe watu wa basi la Mbinga waifikishe posta upesi. Wakikataa, usinifiche, mwalimu ataacha nafasi tupu mbele ya neno Nyasa, nami sitamlaumu mtu.

Nimeisoma barua hii toka juu na kuona kwamba nimekuomba kitu ambacho posta haiwezi kukileta chote. Hata likiandikwa vizuri, nitalisoma kama ninavyosoma majina ya mito nisiyowahi kuiona. Lile neno lilikuwa la kupazwa na mtu anayeogopa kuibiwa kitoweo chake. Kwa hiyo kijitabu kipate jina au kisipate, mimi nakuja. Mwanangu nitamwambia kesho. Ukianika usipa, usiwafukuze ndege wote kabla sijafika.

Nisalimie mjane wa kaka yetu, na fundi mitumbwi jirani yako, kama bado anagombana na mbuzi wako. Msalimie pia katekista anayekusomea. Mwambie nimemwomba asiruke mistari.

Mdogo wako,
Kosmasi