Bila Kengele ya Nyuma Siondoki

Yaritza, uko? Nimeshushwa kwenye usukani wa tramu mbele ya abiria. Mbele ya WOTE.

Sikiliza. Mabehewa sita yamejaa, watu wametoka kwenye bustani ya michezo hoi, wanataka tuwafikishe kwenye magari yao kule maegesho. Mimi namngoja mwenzangu Terrence, aliye kwenye behewa la mwisho, apige kengele mara mbili, yaani milango yote imefungwa. Kimya.

Msimamizi wetu Brenda akaja juu kwenye redio: "Ondoa, Nereida! Foleni imefika getini!" Nikamwambia sijasikia kengele. "Nimesema ondoa!" Sijasikia kengele.

Jamaa mmoja akapaza sauti, "Dereva, umelala au umekufa?" Wakacheka, shoga. Nilichekwa!

Brenda akaja mbio, akanishusha. Kumbe Terrence alikuwa anakunywa maji, kasahau tu. Hakuna aliyekuwa hatarini. Hakuna!

"Umeona sasa?" Brenda ananiambia. "Umewachomesha watu jua la Orlando bure."

Nimeona nini? Kioo changu hakionyeshi mlango wa behewa la sita. Zamani hata milango haikuwepo, ndiyo maana waliotutangulia wakaweka kengele. Amaya wangu ana miaka miwili, anachomoka mkononi kama sabuni. Akina Amaya wangapi wako kule nyuma?

Nikamjibu hivyohivyo. Akasema kesho nikafagie maegesho, kisha ataamua kama kazi hii naifaa.

Nitafagia. Ila usiniambie nikamwombe radhi, maana akinirudishia usukani na kengele isilie, itabidi anishushe tena.