Shikamoo Atakayokupa Nashipai

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Swali lililonisumbua tangu nivae sare hizi, ambalo chuo kikuu hakikunifundisha kulijibu, ni hili: je, hofu waliyoipitia watu pamoja inatosha kuwafanya ndugu? Naliandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha. Magoti yako yanaendeleaje? Mpunga wa bondeni umeshachanua? Mimi ni mzima.

Aliyekukabidhi barua hii ni askari mwenzangu, Nashipai, anayekuja likizo. Kwao ni Msowero, na ni wafugaji. Najua umeinua uso sasa hivi ukamtazama. Tafadhali, isome barua hadi mwisho.

Nilipofika katika nchi hii ya vita sikumfahamu yeyote kambini. Kitanda chake kilikuwa kando ya changu.

"Tindiga? Kumbe jirani!" alisema nilipomtajia kijiji chetu.

"Ng'ombe wenu wanapajua kwetu kuliko wewe," nikamjibu.

"Na mpunga wenu umelala katikati ya njia yao," akasema, akacheka.

Sikucheka. Niliikumbuka asubuhi tuliyokuta shamba letu limekuwa tope la kwato. Kwa majuma mengi tulizungumza ya kazi tu.

Kisha, siku moja, tulitoka kwenda doria kwa miguu alfajiri imeshapita, na ukungu ulikuwa mzito hata nikadhani natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Ng'ombe watano wakatokea mbele yetu, bila mchungaji, wamesimama kimya barabarani.

"Songeni mbele, ni ng'ombe tu," sajini akasema.

"Afande, hawali," Nashipai akanong'ona. "Masikio yote yameelekea kwenye matete yale. Mle mna watu."

"Leo tunapokea taarifa kutoka kwa ng'ombe?" Hata hivyo sajini akatuamuru tulale chini. Risasi zikapita pale ambapo vifua vyetu vingekuwa. Hakuna aliyeumia. Zilipokoma, nilikuta mkono wangu umeung'ang'ania mkanda wake.

Tangu hapo, nikisinzia mchana, naliona shamba letu limejaa maji na ukungu, na ng'ombe wamesimama humo, hawali. Nami siwafukuzi.

Sijui kama nimesamehe au nimeokolewa tu. Nilidhani nimepata jibu, kisha nikalitilia shaka, kwa kuwa huku hakuna mpunga wala malisho kati yetu. Huenda nikirudi na kuona kwato shambani nitakuwa yule yule wa zamani.

Nisalimie baba mdogo anayetuangalizia mfereji, na dada yangu mwenye genge kule Mabwerebwere.

Mama, mwaka ule shamba lilipokanyagwa, mwanamke mmoja wa wafugaji, mdogo kwako, alikuja kutuomba radhi. Alikuamkia, ukageuza uso, nami nikageuza wangu. Sijui Nashipai alipofika mlangoni ulimwitikia au la. Nimemwomba, ukimaliza kusoma, akuamkie tena.

Ni mimi mwanao,
Tatu