Gaspari, Alhamisi Nitawaambia Kuhusu Kitanda

Gaspari ndugu yangu,

Chumba chako amepewa shemeji yake Msimamizi wa nyumba. Naanza na hilo ili usije ukadhani nakuandikia nikiwa nimetulia. Sijatulia. Ni kijana mzima, ana afya yake na bodaboda yake, na sasa analala kwenye kitanda chako na dirishani ametundika pazia la maua. Jina la huyo Msimamizi siliandiki humu. Halistahili kukaa karatasi moja na lako.

Miaka kumi na moja tulikaa kwenye kibaraza cha ghala la mahindi pale sokoni, wewe na mimi. Mchana tunapakua magunia, jioni tunagombania upande wa ukutani. Mwezi wa saba baridi ya huku kwetu ilikuwa inatuuma hadi kwenye meno, na bado ulipata nguvu za kunilaumu kwamba navuta turubai. Ulikuwa unakohoa miaka mitatu, ukasema ni vumbi la mahindi. Mimi nilikuwa na kidonda mguuni, nikasema ni mbu. Tulikuwa waongo hodari, kwa sababu hospitali wangekuuliza unakaa wapi, nasi hatukuwa na jibu.

Halafu ikafunguliwa ile nyumba ya Kizwite kwa ajili ya watu kama sisi. Vyumba tisa, jiko moja, na nesi wa zahanati anapita kila asubuhi. Yule dada hakutaka kusikia habari za vumbi. Akakupeleka kupimwa, ikaonekana ni kifua kikuu, akakwambia utameza vidonge miezi sita na kila siku utavimeza yeye akikuona. "Mzee Gaspari, fungua mdomo nione." Ulinuna kama mtoto, lakini ulifungua. Mwezi wa tatu wa dawa ulikuwa unabeba ndoo mbili za maji bila kupumzika njiani. Mashavu yalijaa, nikakutania kwamba unafanana na diwani. Na mguu wangu ukafunga, baada ya miaka, kwa kuwa tu nililala pakavu na mtu akanibadilishia bandeji kila siku.

Sasa nifike kwenye kitanda.

Wewe hukukiweza. Siku ya kwanza uliniita chumbani kwako, ukafunga mlango, ukaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kifipa, kwamba ukipanda juu pale unaona kama unaanguka. Ukatandika gunia sakafuni, mgongo ukutani, uso mlangoni, vilevile kama kibarazani. Ukanifanya niape. Uliona aibu kwamba mtu mzima amepewa kitanda kikamshinda. Basi kila asubuhi ulikunja gunia ukalificha, ukapangusa shuka kwa kiganja na kunyoosha pembe zake. Shuka la watu wote wengine lilichakaa. La kwako lilibaki na mikunjo ya dukani.

Na Msimamizi alikuwa anakagua vitanda kila Jumamosi. Aliingia kwako na daftari lake, akainua blanketi kwa ncha ya kalamu, akaona shuka jipya, akaandika. Jumamosi nne. Hakukuuliza neno. Hakumuuliza nesi aliyekuwa anakukuta mle ndani kila siku saa moja asubuhi. Kwake yeye shuka ndilo lilikuwa shahidi.

Siku aliyotukusanya uani na kusoma kwamba kitanda chako hakilaliwi, kwamba unalala kwenye vilabu vya pombe na chumba kinachukuliwa, ulinitazama. Ukatikisa kichwa kidogo. Nikajua maana yake, nikanyamaza. Niseme kweli, Gaspari, maana wewe huwezi tena kunikasirikia: sikunyamaza kwa ajili ya kiapo peke yake. Niliogopa chumba changu. Siri yako ilinipa pa kujificha. Ukachukua mfuko wako ukatoka, na mimi nikaenda kula.

Kesho yake nesi alikuja na vidonge vyako, akaambiwa umehama. Alikutafuta sokoni siku tatu, mimi nikiwa nyuma yake. Tulikuwa tumechelewa, ulishaenda Mpui kutafuta kibarua cha kuvuna. Uliporudi, suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba na kwenye kitambaa chako kulikuwa na damu. Nesi alipokuona alikaa chini, pale pale barabarani. Wodini ulinishika mkono, na neno ulilolipata lilikuwa hilohilo: "Usiwaambie kuhusu kitanda."

Msimamizi alikuja kukuzika, unajua? Amevaa koti. Akasimama juu ya kaburi lako akasema tumepoteza ndugu. Nilitamani kumsukumia humo humo akukute. Baadaye nikafikiria wale wataalamu ambao watu wa mikoa mingine wanatutania nao wakisikia unatoka Sumbawanga. Nikaacha. Kumroga mtu ni kumvizia, na mimi nataka anione.

Nesi ndiye aliyeandika barua kwa kamati inayoendesha nyumba. Wanakaa Alhamisi saa nne, na wameniita. Wanataka kujua ulikuwa unalala wapi.

Jumapili baada ya misa Msimamizi akaja chumbani kwangu. "Shikamoo mzee Faustini." Tangu nyumba ifunguliwe hajawahi kuniamkia, na mimi ni sawa na baba yake. Akakaa kwenye kitanda changu. Mmoja wa wenzetu aliyewahi kutusikia mlangoni alishamdokeza habari ya gunia, kwa hiyo anajua kwamba nilijua. Akanipangia maneno polepole, kama anayemfundisha mtoto katekisimu: mimi niseme ulikuwa unalala nje na uliondoka kwa hiari yako, naye hatasema kwamba nilificha. "Tukisema hivyo, mzee wangu, wote tunabaki." Akautazama mguu wangu aliposema hivyo. Nikamwitikia ndiyo. Nikamshika na mkono. Akaondoka anapiga mluzi, na mimi nikacheka peke yangu, kicheko ambacho nisingependa ukisikie.

Alale vizuri mpaka Alhamisi. Aje na koti lake.

Kwa sababu nitawaambia, Gaspari. Nitawaambia kwamba ulilala chumbani mle kila siku, sakafuni, kwa aibu. Nitasema hakujua kwa kuwa hakuuliza, na hakuuliza kwa kuwa shemeji yake alikuwa anasubiri chumba. Akiinuka anyooshe kidole aseme mzee huyu alijua akanyamaza, nitakuwa nimeshasema mwenyewe, na hatakuwa na kitu cha kunishikia. Watamtoa. Na mimi wanaweza kunitoa, sheria ya nyumba ni kwamba anayeficha jambo kwenye ukaguzi anaondoka. Nesi ameniambia mguu huu ukirudi kwenye baridi na uchafu, kidonda kitafunguka tena. Nimemsikia.

Padri ananihimiza nisamehe. Nimemjibu kwamba mtu aliyekutoa kwenye dawa zako kwa ajili ya shuka, mimi simsamehe, na kama hilo ni dhambi nitaiungama baada ya Alhamisi. Wewe ndiye ninayekuomba msamaha. Uliniapisha mara mbili, na ninavunja kiapo chako mbele ya watu sita wenye kalamu. Wakicheka kwamba kitanda kilikushinda, nitangoja wamalize kucheka.

Lala salama, ndugu yangu, pale ulipolala hakuna atakayekuja na daftari. Nakuahidi nitasema yote, na langu nitalisema kwanza. Nguo zangu nimeshazifunga kwenye mfuko.

Mimi,
Faustini