Wafutaji wa Kasilda

Jumatano, 13 Agosti 2025
Mwanangu Kasilda kafika na basi la jioni. Amekonda. Yuko Dar anasomea PhD — si daktari wa sindano, nimechoka kuwaeleza watu hapa Makanyagio. Yeye ni wa maabara, anachunguza saratani. Kala ugali na samaki wa migebuka, baba yake, Faustini, anamtazama tu.

Sijamwambia kuhusu uvimbe. Ziwa la kushoto, karibu na kwapa. Faustini naye hajui. Mtoto kaja kupumzika.

Ijumaa, 15 Agosti
Sekondari aliyosoma wamemwita aongee na wanafunzi. Nikafunga banda la cherehani, tukakaa mbele na Faustini. Mwalimu mkuu kamtambulisha kama “binti wa fundi Pudensiana.” Mimi!

Kasilda kasema ndani ya seli, protini iliyomaliza kazi hubandikwa alama ndogo, ubikwitini. Yenye alama hiyo inapelekwa kuvunjwavunjwa. Kisha: “Mama yangu huchora kitambaa kwa chaki, pale pa kukata. Nikiwa mdogo nilifuta chaki yake. Kitambaa hakikukatwa, nikachapwa mimi.” Watoto wakacheka. Kweli nilimchapa.

Kumbe kwenye seli wapo wafutaji. Vimeng'enya, kazi yao kuondoa ile alama. Seli inawahitaji. Ila kwenye baadhi ya saratani wanafuta kupita kiasi — protini inayotoa amri ya kugawanyika haivunjwi, inaendelea kuamrisha tu. Seli zinajaa. Ndiyo uvimbe.

Nilikunja mikono kifuani.

Faustini kanyoosha mkono katikati ya wanafunzi: kwa nini msiwaue hao wafutaji wote? Kasilda kasema, “Baba, wengine ndio wanaowaokoa walinzi, protini zinazozuia saratani. Ukiua wote, umeua na walinzi.” Yeye anamfuatilia mmoja tu. Miaka minne, mmoja tu.

Binti mmoja kauliza kama dawa imepatikana. “Kwa huyu wangu, bado. Sitawadanganya.” Jibu hilo nimejivunia kuliko yote.

Jumamosi, 16 Agosti
Tulikuwa tunafua. Nikauliza kama naulizia jirani: mtu akiwa na uvimbe, hauumi, inakuwaje? Kaacha kukamua shuka.

“Mama, ni nani?”

Nikajigusa kwapa kwa mkono wenye povu. Kanifuta povu mikononi, tukaingia ndani. Kapapasa taratibu, vidole vya baridi. Hakulia. Kasema si kila uvimbe ni saratani, na yeye hawezi kusema huu ni nini. “Jumatatu tunaenda hospitali.”

Nikamwambia nguo za kipaimara za watoto wa mteja wangu Evaline hazijaisha. Kasema Evaline atasubiri. Sauti ile ile ya marehemu mama yangu.

Jumapili, 17 Agosti
Tumemwambia Faustini baada ya misa. Kaketi kwenye kigoda. Halafu: “Hao wafutaji wako, wamo humo?”

“Sijui, baba.”

Kapiga simu Inyonga kwenye mizinga yake, asali ivunwe bila yeye.

Jumatatu, 18 Agosti
Wamechukua kinyama kidogo kwa sindano, kinapelekwa kupimwa. Nesi kamuuliza Kasilda kama ni daktari. Nikawahi kujibu mimi: ni mtafiti wa saratani. Kasilda kaona aibu, kaniminya mkono. Nami nikarudia kwa mama aliyekaa pembeni.

Alhamisi, 28 Agosti
Majibu yamekuja. Kasilda alitakiwa awe Dar wiki iliyopita, kakataa. Faustini yuko nje, kasema atatusubiri huko huko.

Mlangoni kwa daktari Kasilda kaniuliza: “Niingie na wewe, mama, au uwe mwenyewe?” Na usomi wote ule, ananiomba ruhusa. Nikamwambia aingie.

Daktari kafungua bahasha, kasoma. Kajua Kasilda ni nani, kaanza kumwambia yeye, Kiingereza chenye maneno marefu. Nikatazama sakafu. Kasilda kamsikiliza kidogo tu, kamkatiza kwa adabu:

“Samahani, daktari. Mgonjwa ni mama. Mwambie yeye, kwa Kiswahili. Mimi nitasikia.”

Daktari kageuza kiti kunielekea mimi. Simu ikaita, katoka kidogo. Ndipo naandika haya, daftari mapajani. Karatasi iko mezani, imefunuliwa. Kasilda kaiacha hapo hapo bila kuisoma, uso kaugeuzia mlangoni, anasubiri na mimi. Nimekaa wima. Viatu vya daktari vinarudi —