Nihesabuni na Mimi

Dada Lea mpenzi,

Barua hii haina pa kukufikia, najua. Nimeiandika ili Tirza aisome kwa sauti pale mezani kwako, mbele ya makomredi wako wote wa chuo, wale wanafunzi wanaokuita Mathe, mama yao, maana wao ndio wamenisumbua: "Mwandikie Mathe, hata kama hatajibu." Wewe hukuwahi kujibu barua hata ulipokuwa hai, kwa hiyo upande huo hakuna kilichobadilika.

Huku Jeddah mimi ni mzima. Naamka, nafua, napika, napiga pasi, nalala. Hii ni wiki ya tatu tangu uende na sijatoa hata chozi moja. Nimekufa ganzi, Lea. Juzi nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, nikaiweka taratibu mahali pake, ndipo nikaona lengelenge. Njeri, yule rafiki yangu wa mtaa wa Karantina hapa Jeddah, aliniambia nikipiga nduru nitapata nafuu. Nilijaribu bafuni, maji nimeyafungulia. Hakukutoka kitu, nikayafunga nikaenda kukata vitunguu. Hata vitunguu navyo, wapi.

Nakumbuka sana siku ya msiba wa Baba. Kule milimani kwetu tulikuwa nyumba chache tu za Wayahudi, na sokoni tuliitwa "wale wa Jumamosi". Baba alipofariki ilibidi isomwe Kadishi, dua ya wafiwa, na Kadishi haisomwi mpaka watimie watu kumi. Wazee wetu walihesabu wanaume tu. Wakapata wanane. Wawili wengine walikuwa njiani, lori lao limekwama kwenye tope. Mama, wewe na mimi tulikuwa tumesimama palepale, watu watatu wazima. Ukauliza mbele ya kadamnasi, "Kwani sisi tumekuja na nini, si na miguu?" Mama akakufinya mkono. Dua ya Baba ikangoja lori mpaka kesho yake saa nne asubuhi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani ulikuwa na hasira. Ukaniambia, "Siku nikiwa na kwangu, aliyekuja na miguu yake atahesabiwa. Mwanamke, mwanamume, wote."

Nilidhani ni hasira za msiba. Kumbe ulikuwa unajiapiza. Ulipopata kazi ya kusafisha hosteli za chuo kule Nairobi, Ijumaa moja ukamkuta msichana amekaa kwenye ngazi, mishumaa miwili mkononi. Ndiye Tirza huyu, mwaka wa kwanza wa sheria, mtoto wa kwetu milimani. Wenzake wa chumba walikuwa wamemcheka: Myahudi mweusi ametoka wapi? Hukumpa hotuba. Ulimwambia, "Beba mishumaa yako, twende kwangu." Wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili.

Mimi nilikuwa naishi na wewe wakati huo, na nilinung'unika, nakiri. Chumba kimoja, viti vinne, na kila Ijumaa jioni kuna vijana wamekaa hadi kitandani. Akaja pia yule ambaye Myahudi kwao ni baba peke yake, akiwa na wasiwasi kama ataruhusiwa, maana kwa wazee Uyahudi hufuata mama. Ukampa sahani. Alikuja Elisha, akakuambia mlangoni kabisa kwamba hana hakika kama Mungu yupo. Ukamjibu, "Hilo mwachie Mungu mwenyewe, wewe menya viazi." Na nyama hukupika hata siku moja, kwa sababu sheria yetu haichanganyi nyama na maziwa, na makomredi wasingekaa Sabato nzima bila chai ya maziwa. "Chai ni lazima," ulisema, "nyama ni anasa." Na siku ile Tirza aliposoma Torati kwa mara ya kwanza, sauti ikimpotea, nawe umemshika koti kwa nyuma asije akakimbia!

Wengine walikuja kula tu. Ulijua, na uliwahesabu.

Kisha nikaja huku. Wakala aliniuliza dini, nikakutazama, ukasema, "Aandike Mkristo. Mungu hasomi ikama," yaani kibali cha kuishi huku. Miezi minane ya kwanza nilikuwa Riyadh, halafu baba mwenye nyumba akahamishiwa kazi ya ofisi kwenye bandari ya Jeddah, tukahamia huku, mtaa wa Al-Rawdah. Kote huko ulinipigia Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia. Nami nilikuwa nakuuliza swali lilelile.

"Leo mko wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na mimi?"

"Wewe? Simu haihesabiwi. Nitakuhesabu ukija na miguu yako."

Tulicheka kila wiki. Sikujua kwamba kauli hiyo itakuja kunikaba.

Presha ilikuangusha siku ya Jumatano, na Alhamisi wakakuzika, kama desturi yetu. Baba mwenye nyumba alisema karatasi za kutoka nchini huchukua siku kadhaa, na hakusema kwa ubaya. Madam alinishika bega. Nikasema shukran, nikaendelea kupanga vyombo.

Siku ya mwisho ya matanga makomredi walikutana kwako wakusomee Kadishi. Chuo kilikuwa kimefungwa, wengi wameenda makwao. Tirza akanipigia saa kumi alasiri, nikiwa chumba cha kufulia, kanzu za baba mwenye nyumba zimejaa kwenye kamba. Nikaziona nyuso zao kwenye simu. Nikahesabu, kwa mazoea tu. Walikuwa tisa.

Elisha alisema, "Tungoje. Kuna mmoja anatoka Nakuru, huenda akafika jioni."

Tirza akasema, "Huyu hapa wa kumi." Akaelekeza kidole kwenye simu.

Elisha akapinga, "Mathe mwenyewe alikataa! Simu haihesabiwi. Leo tuvunje neno lake, tena kwenye matanga yake?"

Walibishana, Lea, tena kwa heshima, kama ulivyowafundisha. Tirza akasema wewe uliweka sheria ya miguu ili watu waingie, si ili wafungiwe nje. Elisha akasema ndiyo, lakini neno la marehemu ni neno. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Huyu asiye na hakika ya Mungu ndiye aliyekuwa analinda neno lako kama yai. Kisha wote wakanitazama mimi.

Sikuwa na hisia yoyote. Nilichoona ni lori lile kwenye tope. Nikasikia sauti yangu inasema, "Lea hatangoja lori. Nihesabuni na mimi."

Hawakujua lori gani. Nikawaeleza kwa maneno machache, kuhusu Baba, kuhusu wanane, kuhusu wewe na miguu yako. Nilipomaliza, Elisha ndiye aliyesimama kwanza. Akahesabu kwa sauti, akimgusa kila mtu bega, na alipomaliza tisa akaigusa simu. "Kumi."

Wakaanza. Nilikuwa naitikia kila walipofika pa kuitikia, amina, amina, pasi mkononi. Madam akaingia kunihimiza kwa jina langu la huku, "Yalla, Mariam, kanzu ya..." Akaona uso wangu, akaona vijana kwenye simu wamesimama wameinamisha vichwa. Alijua nina msiba. Dua gani, hakuuliza. Akachomoa waya wa pasi ukutani, akasimama mlangoni hadi mwisho, na amina ya mwisho tukaitikia pamoja. Kisha akasema, "Halas, basi, pumzika kidogo," akatoka. Nilipoangalia chini nikaona kanzu imeungua sehemu ya mkono. Sikuwa nimesikia hata harufu.

Basi ndivyo ilivyokwenda. Ulisomewa siku ileile, na kati ya wale kumi, sita walikuwa wanawake. Kama umekasirika kwa ajili ya simu, nikasirikie mimi, waache watoto.

Mkataba wangu unaisha baada ya Ramadhani. Tirza ameshika ufunguo wako, Elisha anamenya viazi, na wanasema Ijumaa hazijakatika. Sitawapigia tena kuuliza wako wangapi. Nitakuja, nitabisha, nitaingia, nitakaa kwenye kiti chako kilichovunjika mguu. Chozi langu sijui liko wapi, lakini nadhani linangoja hapo, maana huku halikuja.

Unihesabu siku hiyo, Lea. Nitakuja na miguu yangu.

Mdogo wako,
Miriamu